Kujitolea katika Maktaba Ndogo ya Shule ya Kabila: Mwongozo Kamili kutoka Pwani ya Washington

Ndugu na jamaa tunaoishi nao kaskazini-magharibi mwa Marekani wameniuliza mara kadhaa ninakwenda wapi kila Ijumaa asubuhi nikiwa na chupa ya chai, gundi na mkasi. Ninakwenda kujitolea katika maktaba ya shule ndogo ya kabila iliyo kando ya Bahari ya Pasifiki, katika jimbo la Washington. Chumba chenyewe ni kidogo kuliko darasa moja la shule ya msingi ya kwetu Tanga, kina rafu za mbao kwenye kuta tatu na dirisha moja linalotazama mierezi, na shule haina mkutubi wa kuajiriwa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya msomaji anayetaka kufanya kazi kama hii na kuifanya vizuri. Shule ninayokwenda sitaitaja, kwa kuwa watoto wake hawakuniomba niwatangaze. Mifano ya historia nitaichukua katika mambo yanayojulikana kwa watu wote.

Kabla ya hatua yoyote: elewa shule ni ya nani

Mtu wa Afrika Mashariki akisikia maneno "shule ya kabila" huenda akashtuka, kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba mambo ya kabila hubaki nyumbani na shuleni tunajenga taifa. Marekani neno hilo lina uzito mwingine. Kabila linalotambuliwa na serikali kuu ni serikali kamili, lenye baraza lake, mahakama yake, mara nyingi polisi wake, na makubaliano yake na Marekani, mengi yakiwa mikataba ya karne ya 19. Makabila hayo ni zaidi ya 570 nchini kote, na 29 kati yake yako Washington. Serikali kuu hugharimia shule 183 za Wamarekani Asilia, na takriban theluthi mbili ya shule hizo huendeshwa na makabila yenyewe kwa ruzuku, chini ya sheria zilizopitishwa mwaka 1975 na 1988. Baadhi zimesimama karibu kabisa na maji, kama ile ya Waquileute pale La Push na ile ya Walummi karibu na Bellingham. Kwa hiyo unapoomba kujitolea, unaomba ruhusa ya kuingia katika nyumba ya serikali ya watu wengine, na mwenye nyumba ana haki ya kukuuliza umekuja kufanya nini.

Jambo la pili la kulielewa ni kwamba shule, kwa watu hawa, iliingia kwanza kama mnyang'anyi. Kuanzia mwaka 1879, ilipofunguliwa shule ya bweni ya Carlisle huko Pennsylvania, watoto walichukuliwa kwa wazazi wao, wakakatwa nywele, wakaadhibiwa kwa kusema lugha zao. La Push nayo ilipata mwalimu wa serikali mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mwalimu huyo aliwapa watu majina mapya aliyoyatoa katika Biblia na katika historia ya Marekani. Mwaka 1889, wanakijiji walipokuwa wamekwenda kuchuma mazao ya watu ili kupata fedha, mlowezi aliyeitaka ardhi yao aliteketeza nyumba 26, pamoja na vinyago, vikapu na zana zote zilizokuwamo. Wasomaji waliosoma Kenya watakumbuka simulizi za wazazi wao waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Kumbukumbu hiyo ishike, maana ndiyo itakayokufanya uelewe kwa nini bibi mmoja anaweza kuingia maktabani, akatazama rafu kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akatoka.

Na jina pia lina adabu yake. Lile la "Wahindi Wekundu" tulilolikuta katika vitabu vya zamani liache kabisa. Taja watu kwa jina la kabila lao. Ukihitaji neno la jumla, sema Wamarekani Asilia. Mimi vilevile siiti ardhi yao hifadhi, kwa kuwa kwetu neno hilo limezoea wanyama. Nasema ardhi ya kabila.

Hatua ya kwanza: omba, kisha subiri

Andika barua fupi kwa mkuu wa shule. Jieleze wewe ni nani, unaishi wapi, unaweza kuja siku gani, na kwa muda gani. Ahidi kidogo kuliko uwezavyo. Saa tatu kila wiki kwa mwaka mzima zina manufaa kuliko wiki mbili za kiangazi za kufanya kazi mchana kutwa, kwa sababu watoto wa shule hizi wameona wageni wengi wakija na shauku, wakipiga picha na kutoweka. Usitaje mipango yako ya kuibadilisha maktaba, maana hujaiona.

Usije na boksi la vitabu. Nalisema hili mapema kwa kuwa ndilo kosa la kwanza la watu wenye moyo mzuri. Shule ndogo iliyo mbali hupokea vitabu vya watu waliohama nyumba, vya makanisa, vya maktaba za mijini zilizopunguza rafu, na vingi huwa vimechakaa au havihusiani kabisa na watoto. Kila boksi linalofika ni kazi ya siku nzima kwa mtu ambaye hayupo.

Baada ya barua kutakuwa na uchunguzi wa kumbukumbu za jinai pamoja na alama za vidole. Uchunguzi wa watu wanaokaa na watoto wa Wamarekani Asilia una msingi wake katika sheria ya shirikisho ya mwaka 1990, na shule nyingi huwapitisha humo hata wanaojitolea. Uchunguzi unaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukiwa umeishi nchi zaidi ya moja, andaa mapema orodha ya anwani zako za zamani na tarehe zake. Usiudhike ukiombwa karatasi ileile mara mbili, wala usimsukume karani. Kwa watoto waliopitia historia niliyoieleza, mlango mgumu ni rehema.

Hatua ya pili: siku za mwanzo ni za kusikiliza

Siku ya kwanza ingia ofisini, salimu, jiandikishe, vaa kitambulisho. Kisha uliza njia ya kukimbilia mlimani. Pwani hii ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi na tsunami tarehe 26 Januari 1700, na wanasayansi wanatarajia jingine la aina hiyo, ingawa hakuna awezaye kutaja siku. Shule ya La Push ilikuwa imejengwa karibu na usawa wa bahari, na ilibidi ipatikane sheria ya mwaka 2012 ya kulirudishia kabila ardhi ya juu iliyokuwa ndani ya mbuga ya taifa ya Olympic, ndipo jengo jipya likafunguliwa kwenye mwinuko mwaka 2022. Shule nyingine bado ziko bondeni. Jua mlango upi unatoka nao, watoto hukusanyika wapi, na nani huhesabu.

Kisha kaa. Wiki mbili au tatu za mwanzo usihamishe kitu. Rudisha vitabu mahali pake, futa vumbi, chonga penseli, na tazama watoto wanakwenda rafu gani wakiachwa wenyewe. Mimi niliona kwamba wavulana wa darasa la nne walikuwa wakichukua kitabu kimoja cha injini za boti hadi mgongo wake ukakatika, ilhali rafu nzima ya riwaya mpya za kupendeza haikuguswa. Hakuna ripoti ambayo ingenieleza hilo.

Tafuta watu watatu na uwajue kwa majina: mwalimu wa lugha na utamaduni, mpishi, na msafishaji. Mwalimu wa utamaduni ndiye utakayemuuliza kabla ya kugusa kitu chochote kinachohusu kabila. Mpishi na msafishaji mara nyingi ni shangazi na wajomba wa nusu ya watoto, wanajua nani amefiwa, nani amehamia kwa bibi yake, na nani hapaswi kuulizwa kwa nini hakurudisha kitabu. Watoto wenyewe huwaita wakubwa wa hapo shangazi au bibi hata kama hawakuzaliwa nao tumbo moja, kama kwetu. Wewe usijiite hivyo. Ukingoja, wataamua wenyewe wakuite nani.

Hatua ya tatu: kuchambua vitabu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, nami nitakaa kidogo.

Maktaba ndogo huharibika kwa kujaa. Rafu iliyobanana haimruhusu mtoto kuvuta kitabu, na kitabu kizuri hufichwa na vinane vibovu. Kuchambua maana yake ni kutoa rafuni vitabu visivyofaa tena, na kanuni za kawaida ni rahisi: kitabu kilichooza au kuchanika kisichoshonwa, kitabu cha sayansi au ramani kilichopitwa na wakati, nakala za ziada zisizoazimwa, na kitabu chenye habari za uongo. Chukua rafu moja tu kwa siku. Shika kila kitabu mkononi, kifungue katikati, kinuse, tazama mwaka kilipochapishwa na tarehe ya mwisho kilipoazimwa. Weka marundo matatu: kibaki, kitolewe, aulizwe mtu.

Rundo la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, na nililijua umuhimu wake kwa kukosea. Katika mwezi wangu wa pili nilitia ndani ya boksi la kutolewa kijitabu cha karatasi za fotokopi kilichobanwa kwa waya, kisicho na jalada gumu, kisicho na lebo ya msimbopau, pini zake zimeshika kutu na pembezoni kimeandikwa kwa penseli. Nilikiona takataka. Mwalimu wa lugha alipita, akainama, akakitoa bila haraka, akafungua ukurasa wa tatu na kuweka kidole juu ya yale maandishi ya penseli. Akaniambia, "Huu ni mwandiko wa bibi yangu." Kilikuwa ni orodha ya maneno ya lugha yao, iliyotayarishwa na wazee zamani kwa ajili ya darasa, na nakala nyingine zilikuwa chache sana. Hakunikaripia. Alikibeba kifuani hadi darasani kwake, nami nilibaki nimesimama na lile boksi.

Tangu siku hiyo sitoi kitu chochote kisichochapishwa kiwandani bila kuuliza: vijitabu vya fotokopi, kaseti, albamu za picha za wanafunzi wa zamani, majarida ya shule, programu za mazishi na za sherehe, ramani zilizochorwa kwa mkono. Watu ambao vitu vyao vilishateketezwa kwa moto mmoja hawahitaji mgeni wa kuwapunguzia vilivyobaki. Vitu hivyo viweke katika kabati lenye kufuli, kwenye maboksi yasiyo na asidi kama shule inaweza kuyanunua, na orodha yake ibaki kwa mwalimu wa utamaduni.

Upande wa pili wa uchambuzi ni vitabu vinavyowasema vibaya wenyewe. Utakuta kitabu cha picha kinachoonyesha Wamarekani Asilia wote wakiwa juu ya farasi, wenye mataji ya manyoya na mahema ya ngozi, kikiwa mbele ya mtoto ambaye mababu zake walikaa katika nyumba ndefu za mbao za mwerezi, wakavua salmoni na kuwinda nyangumi kwa mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja. Hebu fikiria mtoto wa Pemba anayepewa kitabu kinachosema Waafrika wote ni wafugaji wa jangwani. Unapopima kitabu cha aina hiyo jiulize: kinataja kabila kwa jina lake au kinasema "Wahindi" tu? Vitenzi vyake vyote viko katika wakati uliopita, kana kwamba watu wamekwisha? Mwandishi ni wa kabila hilo, au alishauriana nalo? Wahusika wana majina, kazi, simu na magari, au ni vivuli msituni? Msomi Debbie Reese, wa watu wa Nambé Pueblo, amekuwa akichambua vitabu vya watoto kwa macho hayo mtandaoni tangu mwaka 2006, na uchambuzi wake husomwa bure. Chama cha Maktaba cha Wamarekani Asilia, kilichoanzishwa mwaka 1979, kina tuzo ya vitabu vya watoto na vijana; orodha za washindi wake ndizo mahali pazuri pa kuanzia shule inapopata fedha za kununua vitabu.

Kitabu kibaya usikitupe kwa uamuzi wako peke yako. Kipeleke kwenye rundo la kuuliza pamoja na kikaratasi kinachoeleza ulichokiona. Walimu wengine hutaka kubaki na nakala moja kwa ajili ya kuwafundisha wanafunzi wakubwa jinsi walivyosemwa.

Hatua ya nne: mpangilio wa rafu

Maktaba nyingi za shule hutumia mfumo wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba za mada, uliotoka mwaka 1876. Unafanya kazi vizuri kwa wanyama, magari na hesabu. Tatizo lake hapa ni kwamba karibu kila kitabu kuhusu Wamarekani Asilia huishia namba 970, yaani historia ya Amerika Kaskazini, na simulizi zao huenda 398.2 pamoja na ngano za mazimwi na mabinti wa wafalme. Kitabu cha mapishi ya salmoni kilichoandikwa mwaka jana na mama aliye hai kinalazwa katika historia. Mtoto anayejifunza kusoma namba za rafu anajifunza pia kwamba jamaa zake ni watu wa zamani.

Upo mfumo mbadala uliobuniwa katika miaka ya 1970 na Brian Deer, mkutubi Mmohawk wa Kahnawake nchini Kanada, na toleo lake hutumika katika maktaba ya X̱wi7x̱wa ya Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver. Huwaweka watu karibu na majirani zao wa kweli, kwa jiografia, badala ya kuwapanga kwa alfabeti. Usijaribu kuupachika wote katika chumba kidogo chenye vitabu elfu tatu na mtu mmoja wa kujitolea. Chukua wazo lake tu. Kwa ruhusa ya shule, sisi tulitenga rafu moja iliyo mkabala na mlango, kwenye kimo cha macho ya mtoto wa miaka minane, tukaweka vitabu vya kabila lenyewe, kisha vya majirani wa pwani, kisha vya makabila ya mbali. Humo mapishi yamo, mashairi yamo, sayansi ya mito imo. Namba za Dewey hatukuzifuta katika katalogi; tuliongeza utepe wa rangi kwenye mgongo wa kitabu na kubadili mahali kinapokaa katika programu ya kompyuta ya maktaba, kazi ya dakika mbili kwa kila kitabu, ili mkutubi atakayekuja baadaye aweze kurudisha akitaka.

Lebo za lugha zinahitaji uangalifu wa pekee. Lugha za pwani hii huandikwa kwa herufi ambazo kompyuta nyingi hazina kwenye kibodi, kama vile ƛ, x̣ na ʷ. Usibadilishe herufi kwa inayofanana nayo. Sisi tunajua vizuri: ondoa ritifaa moja katika "ng'oa", upate "ngoa", na mtu wa kung'oa mche amegeuka kuwa mwenye wivu. Omba fonti anayotumia mwalimu wa lugha, chapa lebo moja, mpelekee aisome kwa sauti na kuikubali, ndipo uchape nyingine. Waquileute hawana sauti za m na n katika lugha yao ya kawaida, jambo ambalo ni nadra sana duniani, kwa hiyo hata sikio lako la Kiswahili, lililozoea kusikia m na n kila upande, halitakusaidia kubahatisha.

Hatua ya tano: unyevu

La Push na sehemu zinazoizunguka hupata mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Mombasa. Mtu wa pwani ya kwetu anaijua harufu ya daftari lililolala karibu na ukuta wakati wa masika, na maarifa hayo yatakufaa. Nunua kipima unyevu, kifaa kidogo cha bei nafuu, kiweke katikati ya chumba mbali na dirisha. Hewa ikikaa juu ya asilimia 60 kwa siku nyingi, ukungu utaanza. Lenga kati ya 40 na 50 kwa mashine ya kukausha hewa, na ukubaliane na msafishaji nani atamwaga maji yake Jumamosi na Jumapili. Rafu zisiguse ukuta wa nje. Acha upana wa kiganja ili hewa ipite. Rafu ya chini iwe wazi au ikae juu ya sakafu kwa sentimita kumi. Watoto wakiingia na makoti yaliyolowa, wawe na mahali pa kuyatundika nje ya mlango.

Ukikuta kitabu chenye ukungu, usikipanguse pale pale. Vaa barakoa na glavu, kitie katika mfuko wa plastiki, ufunge, kitoe chumbani, kisha kagua vitano vya kushoto na vitano vya kulia. Kitabu cha kawaida kinunuliwe kingine. Kama ni kimojawapo cha vile vya kabatini, usijaribu kukitibu. Kabila lina watu wake wa kumbukumbu au wanajua makumbusho ya kuwasaidia.

Hatua ya sita: kusoma na watoto

Mtoto hapendi kuchunguzwa. Keti chini, kwenye zulia, fungua kitabu, soma kwa sauti ya kawaida kana kwamba unajisomea, watakuja. Anayesoma kwa kusitasita mpe nafasi ya kumsomea mdogo wake badala ya kukusomea wewe mkubwa. Asiyetaka kusoma kabisa apewe kazi ya kweli: kubandika lebo, kugonga mihuri ya tarehe, kupanga majarida ya uvuvi. Msichana mmoja aligonga mihuri kwa miezi miwili bila kufungua kitabu, na mwezi wa tatu nikamwona anasoma ukurasa kabla ya kuugonga.

Faini zisiwepo. Kitabu kilichopotea andika kimepotea, mwache mtoto aazime kingine siku hiyo hiyo. Nyumba yenye watu kumi na vyumba vitatu humeza vitabu, na mtoto anayezuiwa kuazima kwa ajili ya deni la dola sita hatarudi.

Masimulizi ya jadi ni jambo jingine kabisa. Bibi zetu wengi walikataa kutoa hadithi mchana. Tulipowaomba jua likiwa juu walitufukuza tukateke maji. Makabila mengi ya Marekani nayo yana hadithi zinazosimuliwa majira ya baridi peke yake, na katika pwani hii ya kaskazini-magharibi kuna nyimbo, ngoma na simulizi ambazo ni mali ya ukoo fulani, na asiye wa ukoo huo hana ruhusa ya kuzitoa mbele za watu hata kama zimechapishwa kitabuni na kuuzwa dukani. Kwa hiyo kabla ya kusoma kwa sauti simulizi yoyote ya jadi, muulize mwalimu wa utamaduni: tunaweza kuisoma hii, mwezi huu, na ni nani anayefaa kuisoma? Mara nyingine jibu litakuwa kwamba mzee fulani atakuja kuisimulia yeye mwenyewe. Siku hiyo kazi yako ni kupanga viti, kuchemsha chai na kuzima simu yako. Usirekodi.

Watakapokuuliza habari za kwetu, na watakuuliza, jibu. Nilipowafundisha "Paukwa!" na wao wakaitikia "Pakawa!", walitaka kujua kama sisi pia tuna bahari, kama tuna mitumbwi, na kama watoto wetu walikatazwa kusema lugha yao. Niliwajibu maswali yote matatu kwa ukweli, kwa muda uleule mfupi waliouhitaji, kisha tukarudi kwenye kitabu chao.

Hatua ya saba: kalenda ya mahali

Kuna siku maktaba itakuwa tupu bila taarifa. Mzee akifariki, kijiji kizima huenda msibani na shule inaweza kufungwa. Majira ya kuvua salmoni huwachukua vijana wakubwa. La Push, nyangumi wa kijivu wanapopita kuelekea kaskazini majira ya kuchipua, shule huwakaribisha kwa nyimbo na ngoma ufukweni. Majira ya joto familia nyingi hushiriki safari za mitumbwi, zilizofufuliwa mwaka 1989 kwa safari ya kwenda Seattle iliyoongozwa na Emmett Oliver, mzee wa Waquinault. Ukikuta mlango umefungwa, rudi nyumbani bila kunung'unika na uje wiki ijayo. Ukialikwa, nenda, kaa nyuma, kula ulichopewa, saidia kuosha vyombo.

Picha za watoto usipige. Hadithi za nyumbani kwao ulizozisikia rafuni zibaki rafuni, isipokuwa mtoto akikuambia anaumizwa. Hapo unamwarifu mkuu wa shule siku hiyo hiyo kwa utaratibu uliofundishwa.

Hatua ya nane: kuondoka

Anza kujiandaa kuondoka tangu wiki ya kwanza, kwa kuweka daftari moja lenye jalada gumu ndani ya droo ya meza. Andika humo neno la siri la programu linatunzwa na nani, rangi ya kila utepe ina maana gani, vitabu gani vimeulizwa na nani alijibu nini na lini, mashine ya kukausha hewa ilitengenezwa wapi. Andika kwa mkono unaosomeka. Tarehe ya siku yako ya mwisho waambie watoto wiki tatu kabla, uirudie kila Ijumaa, wasije wakakuta kiti kitupu kwa ghafla. Rudisha ufunguo na kitambulisho ofisini, uondolewe katika orodha, na umpeleke mrithi wako kwa mwalimu wa lugha, kwa mpishi na kwa msafishaji, kwa mpangilio huo, kabla hajagusa rafu yoyote.